Jinsi ya Kupanua Kiwanda cha Kusafisha Mafuta na Bomba Lake Ili Vimudu Mafuta Ghafi Mazito

Anayekusudia kupanua kiwanda cha kusafisha mafuta ili kipokee mafuta ghafi mazito apange mradi wake kutoka nyuma kwenda mbele. Wapangaji wengi huanza na bomba linaloleta mafuta na mnara wa kwanza wa kuyatenganisha, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoonekana kwa urahisi na ndivyo vinavyotajwa kwenye hotuba. Lakini kila pipa la mafuta mazito huja na salfa, kaboni nyingi, metali, chumvi na asidi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotoweka kwa sababu tu kimeingia kiwandani. Kabla ya kuagiza bomba, lazima ujue salfa itakwenda wapi, makaa ya petroli (kaboni ngumu inayobaki mafuta mazito yakivunjwa kwa joto) yatahifadhiwa wapi na yatanunuliwa na nani, maji machafu yatasafishwa kwa kiwango gani, na haidrojeni itatoka wapi. Kiwanda ambacho mwisho wake haujakamilika hakiwezi kuendeshwa, hata mwanzo wake uwe imara namna gani.

Mfano nitakaoutumia zaidi katika mwongozo huu ni kiwanda cha Whiting, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, kilichoko kando ya Ziwa Michigan karibu na Chicago. Kilijengwa na kampuni ya Standard Oil mwaka 1889, na tangu mwanzo kilikusudiwa mafuta magumu: mafuta ya Lima, Ohio, yaliyojaa salfa, ambayo yangeuzika kwa shida kama mkemia Herman Frasch asingefanikisha njia ya kuiondoa salfa hiyo kwa oksidi ya shaba. Zaidi ya karne moja baadaye, kikiwa chini ya kampuni ya BP, kiwanda hicho hicho kilifanyiwa upanuzi uliogharimu zaidi ya dola bilioni 4 na kukamilika mwishoni mwa mwaka 2013, ili sehemu ya mafuta mazito katika malighafi yake iweze kupanda kutoka takribani asilimia 20 hadi 80. Uwezo wake wa jumla, unaozidi mapipa 400,000 kwa siku, haukubadilika sana. Kilichobadilika ni aina ya mafuta kinayoweza kuyamudu, na hilo peke yake liligharimu mabilioni.

Yapime mafuta kabla ya kukipima kiwanda

Mafuta ghafi hupimwa kwa digrii za API, na kadiri digrii zinavyoshuka ndivyo mafuta yanavyokuwa mazito. Maji yana digrii 10, na mafuta yaliyo chini ya digrii 22 hivi huhesabiwa kuwa mazito. Mchanganyiko wa Western Canadian Select, unaouzwa kutoka Alberta nchini Kanada, una digrii 20 hadi 21 na salfa ya takribani asilimia 3.5, ilhali West Texas Intermediate, mafuta mepesi ya Marekani, yana digrii 40 hivi na salfa isiyofikia nusu ya asilimia.

Usiridhike na takwimu hizo mbili. Fanya hesabu ya tani, kwa kuwa mitambo ya nyuma hununuliwa kwa tani. Mapipa 100,000 ya mafuta ya Kanada yana uzito wa tani 14,800 hivi, na kwa asilimia 3.5 yanaleta zaidi ya tani 500 za salfa kila siku. Mapipa yale yale ya mafuta mepesi, hata tukiyakadiria kuwa na salfa ya asilimia 0.3, yanaleta takribani tani 40. Kwa hiyo kiwanda kinachobadilisha malighafi bila kuongeza hata pipa moja kinaweza kulazimika kuongeza uwezo wake wa kushughulikia salfa zaidi ya mara kumi.

Baada ya salfa, omba maabara ikupe kipimo cha kaboni inayobaki mafuta yakipashwa joto kali bila hewa, kijulikanacho kama kipimo cha Conradson. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wahandisi ni kwamba makaa yatakayopatikana kutokana na masalia, yaani sehemu nzito inayobaki baada ya mafuta kutenganishwa, ni mara 1.6 ya asilimia ya kipimo hicho. Masalia yenye kipimo cha asilimia 20 yatageuka makaa kwa asilimia 32 ya uzito wake. Pima pia nikeli na vanadi, ambazo huua vichocheo (vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kemikali mitamboni), na upime kiwango cha asidi na chumvi. Mwisho, pima jinsi mafuta hayo yanavyopatana na mengine utakayoyachanganya nayo. Mafuta mazito hubeba asfaltini, yaani molekuli nzito mno, zilizoelea kwa utulivu, na ukiyamiminia mafuta mepesi yenye nta nyingi, asfaltini hizo hujitenga na kuganda ndani ya matangi na vibadilisha joto. Kipimo hiki ni cha gharama ndogo mno, na bado ndicho kinachorukwa mara nyingi kuliko vyote.

Amua hatima ya masalia

Mafuta yakishapita kwenye mnara wa kwanza, unaofanya kazi kwa shinikizo la kawaida la hewa, na kisha kwenye mnara wa ombwe, unaofanya kazi kwa shinikizo la chini, kinachobaki chini ni masalia meusi yasiyochemka hata kwa joto linalolingana na nyuzi 540 za Selsiasi. Katika mafuta mepesi masalia haya ni sehemu ndogo. Katika mafuta ya Alberta yanakaribia asilimia 40 ya pipa. Ukiyauza kama mafuta ya tanuri au lami utapata bei ya chini kuliko bei ya mafuta ghafi uliyonunua, na hapo ndipo viwanda rahisi hufia. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi katika miaka ya 1960 na kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kilikuwa cha aina hiyo: hakikuwa na mtambo wa kuvunjavunja masalia, kikatoa mafuta mazito ya tanuri kwa wingi katika soko lililotaka petroli na dizeli, na mpango wa kukiboresha ukaachwa kwa sababu ya gharama.

Njia iliyozoeleka zaidi ya kuyamaliza masalia ni mtambo wa makaa. Masalia hupashwa joto haraka ndani ya tanuri hadi karibu nyuzi 500, kisha husukumwa kwenye matangi marefu ya chuma kabla hayajaganda, na huko humalizia kuvunjika: mvuke wa nafta (mafuta mepesi ya kutengenezea petroli), dizeli na mafuta ya kati hutoka juu, nayo kaboni hubaki na kujaa kama makaa. Matangi hufanya kazi kwa jozi. Moja likijaa, mtiririko huelekezwa kwenye jingine, nalo lililojaa hupozwa na kufunguliwa, kisha makaa hukatwa kwa maji yenye shinikizo kubwa sana. Mzunguko mmoja wa kujaza huchukua saa 12 hadi 24. Hii ndiyo sehemu ya hatari zaidi kwa wafanyakazi, kwa hiyo usikubali kubana bajeti kwenye vifuniko vinavyojifungua kwa mashine, wala kwenye vifungio vinavyozuia kufungua tangi ambalo bado lina joto na mvuke.

Whiting walijenga mtambo wa makaa wenye uwezo wa mapipa 102,000 kwa siku, na uzalishaji wa makaa ukapanda kufikia takribani tani 6,000 kila siku. Makaa hayo yalirundikwa katika viwanja vya wazi kando ya Mto Calumet, kusini-mashariki mwa Chicago, na mwaka 2013 upepo uliyapeperusha hadi kwenye nyumba za watu, wakalazimika kufunga madirisha wakati wa kiangazi. Jiji lilitunga kanuni za kudhibiti marundo hayo mwaka uliofuata. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ghala lililofunikwa na mikanda iliyofungwa ya kusafirishia makaa ni gharama ndogo ikilinganishwa na mradi mzima, na watu wanaoishi ng'ambo ya uzio hawakuulizwa ni mafuta gani yanunuliwe. Liweke ghala hilo kwenye mchoro wa kwanza kabisa.

Ipo njia ya pili, ambayo ni kuyaongezea masalia haidrojeni kwa shinikizo kubwa badala ya kuyaondolea kaboni. Hutoa mafuta mengi zaidi kwa kila pipa, lakini huhitaji haidrojeni nyingi na vichocheo vinavyochakaa haraka kwa sababu ya vanadi. Kwa mafuta yenye metali nyingi, na mahali ambapo gesi asilia ni ghali, mimi ningechagua mtambo wa makaa.

Salfa, haidrojeni na maji

Bidhaa zinazotoka kwenye mtambo wa makaa hazijawa tayari kuuzwa. Zina salfa, naitrojeni na molekuli zisizotulia, na lazima zipite kwenye mitambo inayozisafisha kwa haidrojeni. Marekani iliweka kikomo cha salfa cha sehemu 15 kwa milioni katika dizeli ya magari kuanzia mwaka 2006, na nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kikomo cha sehemu 50 mwaka 2015. Kikomo kikiwa cha chini namna hiyo na malighafi ikiwa chafu namna hiyo, mtambo wa haidrojeni unakuwa moyo wa upanuzi. Kwa kawaida haidrojeni hutengenezwa kwa kupitisha gesi asilia na mvuke juu ya kichocheo cha nikeli kwenye joto linalozidi nyuzi 800, na kila tani yake huacha tani kadhaa za kaboni dioksidi. Hesabu hiyo iingie katika tathmini ya mazingira bila kufichwa.

Salfa inayoondolewa hutoka ikiwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo huua kwa kuvutwa mara chache tu ikiwa nzito hewani. Hukusanywa na kugeuzwa kuwa salfa ya manjano kwa njia ya Claus. Njia hiyo peke yake hukamata asilimia 95 hadi 97, na hatua ya ziada ya kusafisha gesi ya mwisho huifikisha zaidi ya asilimia 99. Jenga angalau mistari miwili inayojitegemea, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kubeba sehemu kubwa ya mzigo wakati mwingine unafanyiwa matengenezo, kwa sababu mtambo wa salfa ukisimama, kiwanda kizima ama hupunguza kazi ama huchafua hewa.

Maji yana somo lake huko Whiting. Mwaka 2007 mamlaka ya mazingira ya Indiana ilitoa kibali kilichoruhusu kiwanda kilichopanuliwa kumwaga ziwani amonia zaidi kwa asilimia 54 na chembe ngumu zaidi kwa asilimia 35. Ziwa Michigan ndilo wanalokunywa wakazi wa Chicago, na hasira ilivuka mipaka ya majimbo na vyama. Mwezi Agosti mwaka huo kampuni iliahidi kubaki ndani ya viwango vya kibali cha zamani. Kisha mwaka 2012, katika makubaliano na serikali ya shirikisho kuhusu hewa, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 8 na kutumia zaidi ya dola milioni 400 kwa mitambo ya kudhibiti uchafuzi. Mpangaji makini huingiza gharama za namna hii kwenye bajeti mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuchagua mahali pa kuweka mtambo, badala ya kuubandika mahali palipobaki.

Sasa rudi mbele: chumvi, mnara na chuma

Mtambo wa kuondoa chumvi hutegemea tofauti ya uzito kati ya mafuta na maji. Kasi ya matone ya maji kuzama hupungua kadiri tofauti hiyo inavyopungua na kadiri mnato, yaani ugumu wa mafuta kutiririka, unavyoongezeka, na mafuta mazito hukuletea mashaka yote mawili kwa pamoja. Tangi lililotosha mafuta mepesi halitatosha. Panga hatua mbili zinazofuatana, matangi makubwa zaidi, na joto la nyuzi 130 hadi 150, kwa sababu chumvi inayopita hapa hugeuka asidi ya haidrokloriki juu ya mnara na kula mabomba ya huko.

Mnara wenyewe una hila yake ukipokea lami iliyozimuliwa. Lami ya Alberta haiwezi kutiririka bombani peke yake, kwa hiyo huchanganywa na mafuta mepesi sana, kwa kawaida sehemu 3 za mafuta hayo kwa sehemu 7 za lami. Mchanganyiko huo una vyepesi vingi na vizito vingi, lakini katikati ni haba. Mhandisi anayeongeza uwezo wa chini ya mnara pekee atashangaa kukuta juu kumefurika nafta, hivyo vipozeo vya juu navyo vikaguliwe upya.

Kisha kuna chuma. Salfa hula chuma cha kaboni kuanzia nyuzi 260 hivi, na asidi za naftheni, zilizomo ndani ya mafuta yenyewe, hushambulia kati ya nyuzi 220 na 400, hasa penye mikunjo na mtiririko wa kasi. Dhidi ya salfa hutumika chuma chenye kromi ya asilimia 5 au 9, na dhidi ya asidi hutumika chuma kisichoshika kutu chenye molibdeni. Tarehe 6 Agosti 2012, bomba la mwaka 1976 katika kiwanda cha Chevron huko Richmond, California, lilipasuka na kuwaka. Wafanyakazi 19 walizingirwa na wingu la mvuke wakaokoka, na watu wapatao 15,000 wa maeneo ya jirani walitafuta matibabu. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa kemikali ya Marekani ulionyesha kwamba bomba lililiwa na salfa hadi likawa jembamba kupita kiasi, kwamba lilikuwa na silikoni kidogo mno ya kulikinga, na kwamba salfa katika malighafi ya kiwanda ilikuwa imeongezeka kwa miaka. Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha malighafi, kagua kila kipande cha bomba kwenye njia za joto, kimoja kimoja, ukipima unene na kuthibitisha aina ya chuma. Sampuli chache hazitoshi, maana kipande kimoja chenye silikoni pungufu kinaweza kuliwa haraka kuliko jirani yake waliyechomelewa pamoja.

Bomba

Kuongeza uwezo wa bomba kuna njia tatu: kuongeza pampu, kulaza bomba la pili sambamba, au kupunguza mnato. Pampu ndizo huanza kwa sababu ni haraka. Bomba la kampuni ya Enbridge liitwalo Line 67, linalotoka Hardisty, Alberta, hadi Superior, Wisconsin, lilianza mwaka 2010 na uwezo wa mapipa 450,000 kwa siku, na likafikishwa 800,000 kwa kuongeza nguvu za pampu bila kubadilisha bomba lenyewe. Hata hivyo, ukiongeza mtiririko mara mbili, nguvu inayohitajika hukaribia mara nane, na ankara ya umeme hufuata. Piga hesabu ya miaka 20 kabla ya kuamua kwamba bomba la pili ni ghali.

Mabomba ya Kanada hutaka mnato usizidi 350 kwa kipimo cha sentistoksi katika joto la bomba. Hilo ndilo linalolazimu kuzimua, na kila pipa la kizimuo huchukua nafasi ambayo ingechukuliwa na lami. Amua mapema kama kizimuo kitasafishwa pamoja na mafuta mengine au kitarudishwa kilikotoka. Bomba la Southern Lights, lenye uwezo wa mapipa 180,000 kwa siku, hufanya kazi hiyo ya kurudisha kutoka eneo la Chicago hadi Edmonton. Wasomaji wa Uganda na Tanzania wasichanganye jambo hili na bomba la Hoima hadi Tanga la kilomita 1,443. Lile limebuniwa lipashwe joto kwa sababu mafuta yake yana nta inayoganda yakipoa, na nta ni tatizo tofauti na uzito.

Usalama wa bomba usiachwe kuwa sura ya mwisho ya ripoti. Tarehe 25 Julai 2010, bomba la Line 6B, la mwaka 1969, lilipasuka karibu na Marshall, Michigan, mahali ambapo utepe wa kulikinga ulikuwa umebanduka na nyufa zimekua chini yake. Waendeshaji walizitafsiri kengele za tahadhari kuwa ni utupu wa muda ndani ya bomba, wakawasha pampu tena mara mbili, na saa 17 zikapita kabla ya kufahamu. Takribani mapipa 20,000 yaliingia kijito cha Talmadge na Mto Kalamazoo. Kizimuo kilipopaa hewani, lami ilizama hadi chini ya mto, ambako vifaa vya kukusanya mafuta yanayoelea havikusaidia kitu, na usafishaji ukagharimu zaidi ya dola bilioni moja. Kutokana na hayo, andika kanuni isiyo na tafsiri mbili: mizani ya kilichoingia na kilichotoka isipolingana kwa dakika 10, bomba linafungwa, na haliwashwi tena mpaka mtu afike kwenye eneo kukagua. Kikosi cha dharura kipewe vifaa vya kushughulikia mafuta yaliyozama, na kifanye mazoezi mtoni.

Bei

Mradi mzima hulipwa na tofauti ya bei kati ya mafuta mepesi na mazito, na tofauti hiyo haitabiriki. Mafuta ya Kanada yaliuzwa kwa pungufu la zaidi ya dola 40 kwa pipa mwishoni mwa mwaka 2018, na miezi michache baadaye, serikali ya Alberta ilipopunguza uzalishaji, pungufu likashuka hadi karibu dola 10. Jaribu hesabu zako kwa pungufu la dola 10. Kama mradi hausimami hapo, usiujenge.

Kuwasha

Washa kwa mpangilio ule ule wa kupanga. Anza na mitambo ya maji na salfa, ufuate ya haidrojeni, kisha mtambo wa makaa, na mwisho mnara mpya. Ingiza mafuta mazito kwa kuyaongeza asilimia 10 ya malighafi kwa kila hatua, na usipande hatua nyingine mpaka umeona wiki kadhaa za vipimo vinne: chumvi inayotoka kwenye mtambo wa chumvi, joto linalopotea kwenye vibadilisha joto, unene wa mabomba yaliyowekewa vipima vya kudumu, na gesi inayotoka kwenye bomba la moshi la mtambo wa salfa. Kimoja kikivuka kikomo, msimamizi wa zamu awe na mamlaka ya kupunguza mafuta mazito papo hapo bila kusubiri idhini ya ofisi ya biashara, na mamlaka hayo yaandikwe, yatiwe saini na kubandikwa katika chumba cha udhibiti kabla ya shehena ya kwanza kufika.